Shati la Gildo na Maji Yasiyochemka

Nani kakwambia mimi ndiye niliyeliharibu shati la kaka yangu? Eulogia? Basi vuta kiti ukae, maana huyo Eulogia naye mkono wake ulikuwemo, tena mkono wa kulia, niliuona kwa macho yangu.

Kaka yangu Hermenegildo, sisi tunamwita Gildo, alirudi kutoka Buenos Aires mwezi wa tatu. Aliondoka hapa kijana mnene, akisimama mlangoni nyumba inaingia giza. Amerudi mzee wa karibu miaka sitini, mjane, mwembamba hata suruali anaikaza kwa kamba. Alioa hukohuko, mke akafariki, na tangu siku hiyo chakula kwake ni kama adhabu. Nimempikia, jamani, nimempikia! Mkate wa mahindi wenye jibini, muhogo, mbavu za ng'ombe, vyote namwekea mezani. Anachokoachokoa, anasema "asante Sinfo," kisha anasukuma sahani. Halafu watu wanapita ukutani kwangu wakiulizana eti Sinforiana hamlishi nduguye. Midomo yao!

Wakati wa joto hakutoka nje. Baridi ilipoingia akachukua poncho la marehemu baba, lile zito la sufu linalofika magotini, akaanza kwenda kanisani. Ndani ya poncho lile huwezi kujua pamekaa mtu au gunia la muhogo. Na huko kanisani ndiko Ña Deidamia, yaani Bi Deidamia, alikomwona.

Mji wetu wote unafuma pamba na kudarizi, nyumba isiyo na kitambaa cha ao po'i, pamba yetu nyembamba ya kudarizi, ni nyumba ya mgeni, lakini mkono wa Deidamia ni mwingine. Kamwanamke kadogo, akikaa nyuma ya kitanda cha kufumia unaona nywele tu. Hakuolewa. Zamani, kabla Gildo hajaondoka, walikuwa na mambo yao wawili. Mambo gani mimi sikuambiwa, niliona tu kwamba Gildo akitumwa dukani anapitia kwake na chumvi inafika chakula kimeshaliwa. Kisha Gildo akapanda treni kwenda kutafuta maisha, na Deidamia akainamia sindano yake. Hakumlaumu mtu, hakuuliza habari.

Basi wiki ya sikukuu ya mtakatifu wetu San Juan nafagia uani, namwona huyo anaingia na kifurushi.

"Sinfo, hujambo? Mpe Gildo hii. Mwambie alivae siku ya San Juan, tufuatane kwenye maandamano."

"Ingia basi, Deidamia, unywe mate," nikasema, maana mgeni hapa hakosi chai yetu hiyo ya majani.

"Nina kazi," akasema, akaondoka mbio kama mtu aliyeiba.

Hapa kwetu mwanamke hamshonei mwanamume shati kwa mkono wake, akamwambia wafuatane mbele ya mtakatifu na mji mzima, halafu akasema ilikuwa salamu tu. Nilibaki na ufagio mkononi, moyo unanidunda kama anayeposwa ni mimi.

Gildo alifungua kifurushi taratibu. Shati jeupe, maua ya mchungwa yamedariziwa kifuani, mishono midogo hata ukiipapasa kwa kidole huigundui. Linanukia majani ya mchungwa na mbao ya sanduku, na mikunjo yake imekaa, hainyooki. Nikafikiri, mwanamke makini huyu, hata shati jipya analilaza sandukuni kwanza.

"Vaa tuone," nikamwambia.

Akavaa. Mama Bikira! Mabega yalimshuka mpaka viwikoni. Mikono ya shati ilimeza mikono ya mtu. Kifuani ungeweza kumwingiza Gildo mwingine na bado pakabaki nafasi ya kuku.

"Amepima poncho," nikasema. "Hakumpima mtu, amepima poncho!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikamtazama usoni nikaacha, maana yeye hakuwa anacheka.

"Sinfo, yeye ananikumbuka mimi yule wa zamani," akasema. "Nikienda nalo hivi, nikivua poncho, ataona kilichobaki. Ataona nimekwisha."

"Hujaisha, umekonda tu."

"Huyu ndiye mtu pekee aliyefurahi kuniona tangu nirudi."

"Na mimi je?"

"Wewe ulisema, 'Eh, umerudi, futa miguu.'"

Ni kweli nilisema hivyo, alikuwa na tope.

Sasa utaniuliza, kwa nini usilipunguze kwa sindano? Unamjua Deidamia wewe? Huyo akitazama shati lililo upande wa pili wa barabara anakwambia nani alishona pindo na siku ile alikuwa na mafua. Sindano ya mwanamke mwingine ipite kwenye shati alilomshonea mwanamume? Afadhali ningelichana vipande nikampelekea kwenye sahani. Mkasi hapana, uzi hapana. Kilichobaki ni maji ya moto. Pamba ikipata maji yanayochemka inanywea, kila mtoto hapa anajua.

Lakini nikakumbuka jambo, nikaanza kuogopa. Deidamia hakati kitambaa kabla ya kukiroweka. Ndiyo sifa yake. Anakilaza kitambaa majini, kinanywea chote kinachotaka kunywea, kinakauka, ndipo anachukua mkasi. Ndiyo maana shati la Deidamia utalifua mpaka uzeeke, halipungui hata upana wa ukucha.

"Hili halitanywea kwa huruma," nikamwambia Gildo. "Hili linataka moto wa kweli."

Ilikuwa asubuhi, kesho yake ndiyo San Juan. Nikalilaza shati kwenye beseni, nikaweka birika mekoni, nikasimama hapo hapo nisikosee. Birika likaanza kulia ile sauti yake ndogo, na mkono wangu ukalitoa motoni.

Hebu nielewe. Tangu nina akili nimepigwa kwa ajili ya maji ya mate. Mama alikuwa anasema maji yakichemka yanaunguza majani, na mtu anayekunywesha mate iliyoungua hakupendi. Birika likianza kuimba tu, toa. Miaka yote hii mkono umejifunza, hauniulizi mimi. Nikamwaga maji, yakakutana na beseni la baridi na uani kuna ukungu, yakawa ya kumwogeshea mtoto mchanga. Nikalikamua shati, nikamvalisha Gildo likiwa majimaji kwa haraka niliyokuwa nayo. Limeelemewa na maji, limeshuka mpaka magotini.

"Limekua," akasema Gildo, meno yanagongana kwa baridi.

"Nyamaza! Halijakua. Maji hayakuchemka."

Nikaweka birika tena. Nikamwambia, "Gildo, kaa hapa uangalie. Usiliguse mpaka mfuniko urukeruke." Nikaenda kukanda unga wa chipa, vile vimkate vyetu vya jibini, maana siku hiyo kila nyumba inaoka chipa za San Juan na tanuri langu la udongo lilikuwa limeshawashwa tangu alfajiri. Narudi, namkuta bwana mkubwa amekaa, birika liko chini, kibuyu cha mate mkononi, anavuta kwa mrija, katulia.

"Gildo!"

"Nini?"

"Maji!"

Akatazama birika. Akatazama kibuyu. Nakwambia uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamka usingizini akajikuta sokoni.

"Lilianza kulia, Sinfo," akasema. "Haki ya Mungu sikukusudia."

Mara ya tatu niliapa sitaondoka. Nikasimama na mwiko kama askari. Birika likaanza kulia, nikaukamata mkono wangu wa kulia kwa wa kushoto. Likalia zaidi. Jasho lilinitoka, usicheke, ni vigumu kuliko kufunga Kwaresima. Mfuniko ulikuwa ndiyo kwanza unataka kutikisika, akaingia jirani yangu Eulogia na sinia lake la chipa kuomba nafasi tanurini, na mbwa wake Jenerali nyuma yake.

"Yesu, Sinfo, unaunguza maji!" akapiga kelele. Sinia juu ya meza, mkono mekoni, birika chini. Alifanya yote bila kupumua.

"EULOGIA!"

"Nimekuokolea mate yako, shoga, hata asante hamna?"

"Nani kakwambia ni ya mate? Nataka yachemke!"

Akanitazama, akamtazama Gildo aliyekaa kifua wazi chini ya poncho, akashusha sauti. "Nani anaumwa?"

Ikabidi nimwambie. Kumwambia Eulogia ni kuwaambia wote mpaka Villarrica, lakini ningefanyaje? Alicheka, akajifuta machozi, kisha akashika kiuno kama daktari.

"Shati la Deidamia? Kimeshanywea kitambaa hicho tangu hakijakatwa. Hapo maji ya birika ni kumtekenya ng'ombe. Lipike!"

Na hapo, nakiri, hasira zilinipanda. Zilinipanda juu ya birika, juu ya Eulogia, juu ya mkono wangu mwenyewe. Nilichukua sufuria kubwa tunayopikia wageni wa msiba, nikatia maji, nikatia shati, nikafunika, na juu ya mfuniko nikaweka jiwe. Sufuria haina sauti ya birika. Mkono ukilitazama jiwe haukumbuki mate. Lilichemka hasa, likatokota kama maharage, na mimi na Eulogia tukakaa tunakanda unga, tunaoka chipa na kuwasema watu, hatuna habari. Tulipofunua, maji yalikuwa yamebaki nusu.

Nikalinyanyua kwa mwiko. Likiwa majimaji lilining'inia refu vilevile, au niliona hivyo kwa moshi.

"Bado kaidi," nikasema.

"Sasa likauke kwa moto," akasema Eulogia. "Ukilianika kwenye ukungu huu, kesho litakuwa limelala usingizi wake uleule. Tanuri bado lina joto, chipa zimeshatoka."

Ndipo nakwambia mkono wake wa kulia ulikuwemo. Yeye ndiye aliyelilaza shati kwenye majani ya mgomba, yeye ndiye aliyelisukuma ndani kwa koleo la mikate, na mimi nikaziba mlango wa tanuri. Kisha tukaenda kanisani kupamba sanamu. Tulikaa huko muda wa kutosha.

Niliporudi nilifungua tanuri, nikatoa kitu kimekauka kama mkate wa jana. Nikakikung'uta. Nikakinyoosha mbele ya macho. Nikaita, sauti ndogo, "Gildo, hebu njoo."

Alijaribu kwa upole, maskini. Aliingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili, akavuta pumzi ndani. Mikono ya shati ikaishia karibu na viwiko. Vifungo na matundu yake vilitazamana kwa mbali kama majirani waliogombana. Maua ya mchungwa yaliyokuwa kifuani sasa yamepanda chini ya kidevu. Na harufu! Jibini na mbegu za anisi, chipa tupu. Jenerali, mbwa wa Eulogia, alikaa mbele yake akamtazama kwa mapenzi.

Nilisubiri anitukane. Angenitukana ningejibu, ningepona. Yeye akakaa kwenye kiti cha jikoni, akaweka mikono magotini, vifundo vyote vya mikono viko nje.

"Nilitaka kitu kimoja tu tangu nirudi," akasema. "Kitu kimoja, Sinfo."

 Nikaweka birika mekoni nimpe mate, na mimi mwenyewe nikalisahau likachemka mpaka likafurika. Siku hiyo sasa ndiyo likachemka!

Asubuhi ya San Juan alilivaa hivyohivyo na poncho juu. "Umeambiwa ulivae, umelivaa," nikamwambia. "Poncho usivue hata ukiwaka moto." Tukatoka. Hatukufika kona mbwa wawili wameshatufuata. Tulipofika kanisani wamekuwa kundi, Jenerali mbele, na wote pua ziko kwenye poncho la kaka yangu. Padri alifukuza mbwa mara mbili wakati wa injili. Eulogia, mwongo yule, alikuwa anasali huku mabega yanatikisika.

Nje, moto wa sikukuu unawaka, watu wanapanga maandamano, wavulana wanabeba sanamu, Deidamia akaja na gauni lake la bluu na nywele kachana. Hakuzunguka.

"Gildo, hujambo. Umelivaa?"

"Nimelivaa."

"Vua poncho basi, nilione."

"Kuna baridi, Deidamia."

"Umesimama karibu na moto wa San Juan, unatoka jasho."

Kaka yangu alinitazama. Mimi nikatazama mnara wa kanisa. Ndipo akafanya jambo ambalo mimi nisingeweza: alishika poncho akalivua juu ya kichwa, akasimama mbele ya mji mzima, mbavu zake, tumbo lake, mikono yake kama mtoto aliyevalishwa nguo za mdogo wake. Kicheko kikaanzia kwa wavulana wa sanamu kikazunguka uwanja wote. Mtakatifu mwenyewe aliyumba.

Deidamia hakucheka. Alimsogelea, akashika pindo, akalipapasa kwa vidole viwili.

"Mmelifanyaje?"

"Lilikuwa kubwa," akasema Gildo. "Mimi si yule tena. Niliona aibu ulione limenipwaya. Tulilichemsha."

"Na tanuri," nikasema, maana dhambi nusu haisameheki. "Tuliliweka tanurini, Deidamia. Lakini hatukutia sindano, naapa! Na sisi tulijua wewe unaroweka kitambaa, halinywei kwa mchezo, ndiyo maana tulitumia nguvu. Sasa mbona limenywea hivi? Wewe huwa unaroweka!"

"Huwa naroweka," akasema. "Hili sikuroweka."

"Wewe? Hukuroweka?"

Alikuwa bado kashika pindo. "Treni yake ilikuwa inaondoka Alhamisi," akasema. "Kuroweka na kukausha ningepoteza siku mbili. Nikakata hivyohivyo, nikadarizi usiku na mchana nimpe avae safarini. Nilipofika stesheni na kifurushi, treni ilikuwa imeshapinda pale kwenye daraja."

Watu wa karibu waliacha kucheka. Mimi nilikumbuka ile mikunjo isiyonyooka, ile harufu ya sanduku, nikataka ardhi ipasuke. Poncho! Mimi na akili yangu nilisema kapima poncho!

Gildo akalitazama shati kifuani. "Umeliweka miaka yote hii?"

"Ningempa nani? Mji mzima hakuna aliyekuwa mnene kama wewe."

Deidamia akaanza kucheka sasa, na machozi yanamtoka, kicheko kinachomtikisa mpaka akamshika Gildo mkono asianguke. Gildo naye akacheka, kifungo kimoja kikakatika kikaruka, Jenerali akakimeza.

"Livue," akasema Deidamia.

"Hapa?"

"Vaa poncho lako ulivue humo ndani. Haraka, mtakatifu anasubiri."

Alilivua kwa taabu, mimi namvuta mkono mmoja na Eulogia mwingine. Deidamia akalikung'uta, akalivaa juu ya gauni lake la bluu. Mikono ilimfika sawasawa. Mabega yalikaa. Akafunga vifungo vilivyobaki, akaweka maua ya mchungwa vizuri, kana kwamba alijipimia mwenyewe. Shati la kiume, mbele ya wote, na kila mwanamke pale alijua ni la nani na maana yake ni nini. Ña Deidamia, ambaye hatujawahi kumsikia akisema neno la mapenzi, alitembea nalo barabara nzima.

"Na mimi nivae nini?" Gildo akamwuliza, yuko kifua wazi ndani ya poncho.

"Nikirudi nyumbani naroweka kitambaa," akasema. "Kikikauka utakuja nikupime. Wewe, si poncho. Kitachukua siku mbili na sitakiharakisha."

"Nitakuja."

"Na treni?"

"Treni hazipiti tena, Deidamia. Ziliacha zamani."

"Najua," akasema. "Nauliza hivyohivyo."

Wakaenda mbele, mbwa wote nyuma yao. Tuliporudi kwangu mchana Gildo alikula chipa nne na sahani ya muhogo, akaomba nyama. Nikampa, na mlango wa ukutani nikauacha wazi makusudi, wapita njia waone.